Lemera: Wanafundisha wamama lishe bora, wao wenyewe wanashindia chai na mandazi

LEMERA, Kivu ya Kusini – Siku ya kupima watoto kilo, kwenye vituo vya afya vya milima ya Wafuliiru, somo ni lile lile. Wamama wanakaa kwenye mabenchi na watoto wao magotini. Mwanafunzi wa uuguzi aliye kwenye staji anasimama mbele yao, na juu ya meza kuna vikapu vitatu. Katika cha kwanza kuna mihogo na viazi: vyakula vya kutia nguvu. Katika cha pili kuna maharagi, karanga na ndagala: vyakula vya kujenga mwili. Katika cha tatu kuna lengalenga, nyanya na mapera: vyakula vya kulinda mwili. Mtoto anayekula kutoka kikapu kimoja tu, anasema mwanafunzi huyo, hatakua vizuri.

Saa sita inapofika, mwanafunzi anavua bluzi yake nyeupe na kutafuta cha kula. Mara nyingi ni mandazi mawili na kikombe cha chai yenye sukari nyingi. Jioni ni bugali wa mihogo na mchuzi mwepesi wa nyanya, kama makala ipo. Kama haipo, ni kulala hivyo hivyo. Vikapu vitatu vimebaki mezani kituoni.

Si uvivu, wala si kutojua. Wanafunzi wa afya ndio wanaojua zaidi kuliko wengine wote. Lakini kati ya kujua na kula kuna pesa, kuna saa, kuna mbabula, na kuna mazoea. Makala hii inaangalia kinachowezekana kwa mwanafunzi anayeishi mbali na kwao, katika milima ya Lemera au kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwa vyakula vilivyoko sokoni hapa hapa.

Mbali na chungu cha nyumbani

Lemera iko katika milima inayotazama bonde la Ruzizi, kaskazini-magharibi ya mji wa Uvira. Jina lake linajulikana mbali kwa sababu ya hospitali yake, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden. Hapo ndipo Daktari Denis Mukwege, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, alianza kazi baada ya kumaliza masomo ya udaktari Burundi mwaka 1983. Hapo pia, tarehe 6 Oktoba 1996, vita viliingia ndani ya hospitali na wagonjwa na wafanyakazi waliuawa. Hospitali ilisimama tena, na vijana wanaendelea kupanda mlima kuja kujifunza kazi ya kuhudumia wagonjwa.

Wengi wanatoka mbali: Uvira, Sange, Luvungi, Fizi, hata Bukavu. Nyumbani mama ndiye alikuwa anajua nini kitaliwa leo. Chuoni, kijana wa miaka 19 au 20 anashika pesa yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Pesa hiyo ina wenyewe wengi: minervali, silabusi, kodi ya chumba, usafiri, megabaiti za simu. Chakula ndicho kinachopunguzwa kwanza, kwa sababu ndicho pekee kisichokuja kudai kwa barua.

Wengine wanatumiwa gunia la unga wa mihogo kutoka nyumbani mwanzoni mwa mwaka. Hilo ni jambo zuri, lakini linaleta mtego: unga upo, basi mtu anajiona ana chakula. Mboga inakuwa kitu cha kuongeza kama pesa imebaki. Wiki inapita kwa bugali na chumvi, bugali na mchuzi wa nyanya, bugali na pilipili. Tumbo linajaa, mwili unabaki na njaa yake.

Vita navyo vina sehemu yao. Barabara ya bonde ikifungwa siku chache, bei ya kila kitu kinachopandishwa mlimani inapanda. Mzazi aliyekimbia shamba lake hawezi kutuma gunia. Tathmini ya chakula ya IPC ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba zaidi ya Wakongomani milioni 25 walikuwa katika njaa kali, na mikoa ya mashariki iko katikati ya shida hiyo. Mwanafunzi hayuko nje ya hesabu hiyo kwa sababu tu ameandikishwa chuoni.

Kivu inaijua bwaki

Watu wa Kivu hawahitaji kitabu cha Ulaya kuwaeleza kwamba mtu anaweza kula kila siku na bado akaugua kwa kukosa chakula. Wana jina lake: bwaki. Mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinageuka rangi, ngozi inabanduka, na hana hamu ya kucheza. Madaktari wanauita kwashiorkor, jina ambalo daktari Cicely Williams alilileta katika majarida ya kitabibu miaka ya 1930 kutoka Gold Coast, yaani Ghana ya leo.

Watafiti wa Lwiro, katika Kabare, walichunguza ugonjwa huo kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1960 Bukavu ilipata shirika lililobeba jina la vita hivyo, Comité Anti-Bwaki. Sababu waliyoiona ilikuwa karibu na kila mlango: watoto waliachishwa ziwa na kulishwa mihogo, ndizi na viazi tu, bila cha kujenga mwili.

Hali haijaisha. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2013-2014 ulikuta kwamba katika Kivu ya Kusini watoto 53 kati ya 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Ufupi huo ni alama ya lishe mbaya ya muda mrefu. Wastani wa nchi nzima ulikuwa 43 kwa 100. Mahali ambapo mvua inanyesha, udongo ni mzuri na ziwa liko karibu, watoto wana hali mbaya kuliko wastani wa nchi.

Mwanafunzi wa miaka 20 hapati bwaki kama mtoto wa miaka miwili. Mwili wake umeshakua. Lakini makosa ya sahani ni yale yale, na matokeo yanajitokeza kwa njia nyingine: usingizi katikati ya somo, kichwa kuuma, vidonda vya mdomo visivyopona, mafua ya kila mara, kizunguzungu wodini baada ya usiku wa zamu. Ubongo peke yake unatumia karibu sehemu moja ya tano ya nguvu yote ambayo mwili unapata kwa chakula. Anayesoma akiwa na njaa anasoma ukurasa mmoja mara tatu.

Mihogo peke yake haitoshi, na inaweza kudhuru

Mihogo ni rafiki wa watu wa Kivu. Inavumilia jua, inangoja ardhini mpaka mwenyewe aihitaji, na unga wake unashibisha. Shida ni kwamba katika gramu 100 za unga wa mihogo, protini ni gramu 1 au 2 tu. Katika gramu 100 za maharagi makavu, protini ni zaidi ya gramu 20. Karanga zina karibu 25, na soja karibu 36. Ndagala kavu inazipita zote: karibu nusu ya uzito wake au zaidi ni protini.

Kuna jambo la pili ambalo vijana wengi hawaambiwi. Mihogo michungu ina sumu ya sianidi. Wazee waliijua dawa yake: kuilowesha siku tatu au zaidi mpaka ilainike, kuimenya, kuianika vizuri juani, ndipo kusaga. Wakati wa njaa au wa kukimbia, watu wanafupisha siku hizo, na unga unaingia sokoni ukiwa bado na sumu. Anayekula unga wa namna hiyo kwa wiki nyingi, bila samaki wala maharagi, anaweza kupata konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu ghafla na usiopona. Konzo ilielezwa kwanza katika Kwango mwaka 1938 na daktari Giovanni Trolli, na mwaka 2011 watafiti waliandika kwamba umeonekana katika Kivu ya Kusini pia.

Uhusiano wake na sahani uko wazi. Mwili unatumia salfa iliyoko ndani ya protini kuvunja nguvu ya sianidi. Anayekula bugali na ndagala ana silaha. Anayekula bugali na chumvi hana. Ndiyo maana konzo inashika zaidi wamama na watoto wa familia maskini.

Kwa unga unaotiliwa shaka kuna njia rahisi, iliyokwisha kutumika Kongo penye konzo. Changanya unga na maji kidogo, utandaze juu ya mkeka kwa unene usiozidi sentimita moja, uache masaa mawili juani au masaa matano kivulini, kisha upike siku hiyo hiyo. Sehemu kubwa ya sumu iliyobaki inapotea hewani. Haiongezi gharama, haihitaji makala.

Chumvi pia inaingia katika habari hii. Mihogo mingi bila iodi inaongeza ugonjwa wa rovu, uvimbe wa shingo, ambao watafiti waliuchunguza kwa muda mrefu kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu. Chumvi yenye iodi iwekwe ndani ya chombo kilichofungwa, mbali na mvuke na jua, na itiwe chakula kikikaribia kuiva. Iodi inayochemka muda mrefu inaondoka.

Ndagala, maharagi na majani

Tuseme mwanafunzi ana unga tayari. Kitu cha kwanza cha kununua, kabla ya nyanya na vikube vya supu, ni cha kujenga mwili. Hapa Ziwa Tanganyika linasaidia. Ndagala haihitaji friji, inapimwa kwa kopo, na kiasi kidogo kinatosha sufuria ya watu wanne. Inaliwa nzima, na mifupa yake, kwa hiyo inaleta kalsiamu ambayo nyama ya ng'ombe haina. Anayekata vichwa na kuvitupa anatupa sehemu nzuri. Chagua ndagala yenye kung'aa, isiyonuka uozo. Ile iliyoanikwa juu ya mchanga ioshwe vizuri kwa maji ya moto.

Lakini ndagala ina siku zake. Mwezi unapong'aa sana, wavuvi wa taa hawapati kitu, na bei inapanda kwa siku kadhaa. Tena Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zimekubaliana kufunga uvuvi ziwani miezi mitatu kwa mwaka, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazae. Mwenye akili ananunua kidogo kabla ya wakati huo, anahifadhi pakavu, na ndagala inapokosekana anageukia maharagi, soja na karanga.

Maharagi ndiyo nyama ya milimani. Kituo cha INERA Mulungu, hapa hapa Kivu ya Kusini, kimetoa aina za maharagi zenye chuma zaidi kuliko za kawaida. Wengi wa vijana wanayaogopa kwa sababu ya makala. Dawa yake ni kulowesha usiku kucha, kumwaga maji yale, kisha kupika kwa maji mapya. Yanaiva haraka zaidi na tumbo halijai hewa. Maharagi na mahindi pamoja yana faida kubwa kuliko kila kimoja peke yake, kwa sababu protini ya kimoja inakamilisha ile ya kingine.

Soja nayo inalimwa na kuuzwa Kivu. Uji wa masoso, yaani mahindi, soja na sorgo, ulienea kwa ajili ya watoto, lakini hakuna sheria inayokataza mtu mzima kuunywa. Sharti ni moja: soja ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa. Soja mbichi inazuia tumbo kutumia protini yake yenyewe.

Karanga za mkono mmoja mfukoni zinashinda mandazi mawili kwa faida. Zile zilizoota ukungu, nyeusi au chungu zitupwe, hata kama ni hasara. Ukungu huo una sumu ya aflatoksini inayoharibu ini, na kukaanga hakuiondoi.

Upande wa majani, Kivu ni tajiri. Sombe, lengalenga, matembele na ngai-ngai viko sokoni karibu mwaka mzima, na ni vya bei nafuu kuliko kitu kingine chochote. Sombe itwangwe na kuchemshwa muda mrefu, kwa kuwa jani la muhogo lina sianidi pia. Lengalenga ni kinyume: dakika chache zinatosha, na maji yake yasimwagwe. Ukiongeza mafuta ya mawese, yale mekundu ya Fizi na mwambao, vitamini A inaingia mwilini kwa wingi. Mawese yanayochomwa mpaka yageuke meupe yamepoteza vitamini hiyo yote. Kijiko kimoja au viwili vinatosha, si kuogelesha sombe.

Kwa hiyo sahani ambayo bibi wa mwambao amepika siku zote, bugali na sombe yenye ndagala na mawese kidogo, ina vikapu vyote vitatu ndani yake. Hakuna cha kigeni cha kununua.

Damu ya wasichana

Utafiti ule wa 2013-2014 ulikuta kwamba wanawake 38 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na upungufu wa damu. Msichana chuoni anapoteza chuma kila mwezi, kwa hiyo anahitaji zaidi ya mara mbili ya kile kijana wa kiume anahitaji. Lakini kwenye vyumba vingi, wasichana ndio wanaopunguza chakula zaidi: wengine kwa kukosa pesa, wengine kwa kuogopa kunenepa kwa sababu ya picha wanazoona kwenye simu.

Matokeo yake hayaishii chuoni. Msichana anayemaliza masomo akiwa na damu kidogo anaolewa, anapata mimba, na anaingia chumba cha kujifungulia akiwa hana akiba. Akitokwa na damu nyingi, dakika zake ni chache. Wanaofanya staji kwenye maternite wanaliona jambo hilo kwa macho yao. Na njaa ina hatari nyingine isiyosemwa wazi: msichana asiye na cha kula jioni yuko karibu na mwanaume mwenye pesa na masharti yake.

Chuma kiko katika maharagi, lengalenga, ndagala, maini na nyama. Chuma cha mimea kinaingia mwilini kwa shida, lakini kinasaidiwa na vitamini C. Pera moja, chungwa, kipande cha papai au ndimu iliyokamuliwa juu ya maharagi vinabadilisha hesabu. Pera la hapa lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, na msimu wake ukifika linaanguka chini bure. Chai inafanya kinyume: ikinywewa pamoja na chakula, inakamata chuma na kukizuia. Chai ingoje saa moja au mawili baada ya kula.

Anayechoka kupita kiasi, ambaye viganja na midomo vimepauka, au moyo unamwenda mbio akipanda kilima kidogo, asijitibu kwa chakula tu. Apimwe damu. Malaria na minyoo vinamaliza damu pia, na bonde la Ruzizi lina vyote viwili.

Sukari, chupa za nguvu na kulala njaa

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwezekana ibaki chini ya 25. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja na vijiko vitatu, tayari viko karibu na gramu 40. Soda moja ya sentilita 33 inaleta zaidi ya 30 peke yake. Sukari inainua nguvu kwa muda mfupi, kisha mtu anaanguka chini kuliko alivyokuwa, na anatafuta nyingine.

Wakati wa mitihani, vichupa vya vinywaji vya nguvu vinajaa mezani. Ndani yake ni sukari na kafeini. Haviongezi akili, vinasukuma usingizi mbele tu, na moyo unapiga kwa nguvu. Pesa ya vichupa viwili inaweza kununua karanga na ndizi za siku nzima. Kasiksi na kanyanga kwenye tumbo tupu ni mbaya zaidi, na kanyanga isiyopimwa imewahi kuua.

Kula mara moja kwa siku ndilo kosa kubwa kuliko yote. Tumbo linalongoja mpaka saa mbili za usiku linapokea mlima wa bugali, mtu analala mzito na kuamka hana nguvu. Chakula kile kile kikigawanywa mara mbili au tatu kinasaidia zaidi, bila kuongeza hata faranga moja. Viazi vitamu vilivyochemshwa jana jioni vinaweza kuwa chakula cha asubuhi.

Kuna wanaofunga kwa ajili ya maombi, na milimani ni wengi. Kufunga ni jambo la imani ya mtu. Ushauri wa kiafya ni kwamba maji yasikatazwe bila sababu, mtu afungue kwa uji na matunda badala ya mandazi, na mgonjwa, mwenye mimba au mwenye vidonda vya tumbo aongee na muuguzi kwanza.

Chungu kimoja, wanafunzi wanne

Anayepika peke yake analipa makala ya mtu mmoja, nyanya za mtu mmoja, na saa mbili za mtu mmoja. Wanne wakiungana, mbabula ni moja, na kila mmoja anapika mara moja au mbili kwa wiki. Wanafunzi wanajua likelemba ya pesa. Likelemba ya chakula inafuata njia ile ile: kila mmoja anatoa kiasi kile kile Jumamosi, wawili wanakwenda sokoni, wananunua maharagi, ndagala, mafuta na chumvi ya wiki, na majani yananunuliwa siku ya kuyapika.

Mambo matatu ndiyo yanayovunja vikundi hivi: mmoja kutolipa, mmoja kutopika, na wageni wasiotangazwa. Afadhali kuandika masharti kwenye karatasi tangu siku ya kwanza kuliko kugombana siku ya kumi. Wasichana nao wasigeuzwe wapishi wa kila siku kwa sababu tu ni wasichana. Zamu ni zamu.

Kwa anayekula kwenye malewa, kanuni ni fupi. Omba bugali kidogo na maharagi zaidi. Omba majani. Angalia kama chakula kinatoka moto kwenye sufuria, na kama anayegawa ana maji na sabuni karibu.

Hilo la mwisho si la adabu tu. Uvira ni kati ya miji ya Kongo inayosumbuliwa na kipindupindu kwa miaka mingi, na mafuriko ya Aprili 2020 yaliharibu hata mitambo ya maji. Lishe nzuri inayotoka na kuhara ndani ya siku moja imepotea. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klori, matunda yaoshwe, mikono ioshwe kwa sabuni au majivu, na chakula cha jana kichemshwe tena mpaka kitokote, si kupashwa tu.

Siku moja ya kula vizuri

Asubuhi: kikombe kikubwa cha uji wa masoso, au viazi vitamu na karanga za mkono mmoja, pamoja na ndizi au pera.

Mchana: maharagi na ndizi za kupika au bugali, lengalenga, nusu ya avoka ikiwa ni msimu wake.

Jioni: bugali wa mahindi na mihogo uliochanganywa, sombe yenye ndagala na kijiko cha mawese. Papai au chungwa.

Kutwa: maji safi, chai mbali na chakula. Mara moja au mbili kwa wiki, yai, maziwa ya mgando kutoka milima ya juu, au samaki mbichi pesa ikiruhusu.

Shirika la Afya Duniani linataka angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na chumvi isiyozidi gramu 5, yaani kijiko kimoja kidogo, pamoja na ile iliyojificha ndani ya vikube vya supu. Sahani mbili za majani na matunda mawili zinakaribia kiasi hicho.

Si kila mwanafunzi ataweza orodha hii kila siku. Atakayeongeza kitu kimoja tu, kopo la ndagala kwa wiki au fungu la lengalenga kila jioni, ameshaanza. Vyuo navyo vina la kufanya: sehemu ya kupikia yenye maji, bustani ndogo ya majani nyuma ya madarasa, na ratiba inayoacha saa moja ya kula mchana havihitaji mfadhili kutoka mbali.

Mwezi ujao, siku ya kupima watoto kilo, vikapu vitatu vitarudi mezani. Wamama wa Lemera wanajua kutazama mtu. Wanaona kama anayewafundisha amekula.